Bayume Mohamed Husen: mtoto wa Dar es Salaam katika sinema ya Wanazi

Haltom City, Texas

Mwaka 1941 Ujerumani ya Wanazi ilitoa filamu kubwa ya kumtukuza Carl Peters, mtu aliyeuanzisha ukoloni wa Kijerumani Afrika Mashariki. Mmoja wa Waafrika waliocheza ndani yake alikuwa mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin. Mwaka huo huo alitiwa mbaroni, na mwaka 1944 alifariki dunia katika kambi ya mateso. Makala hii inaeleza filamu hiyo, maisha ya mtu huyo, na sababu za habari zake kuendelea kutuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili, nyumbani na ughaibuni.

Filamu hiyo inaitwa Carl Peters, kama jina la mtu inayemsifu. Mtazamaji wa leo anaweza kushangazwa na jambo moja. Dola iliyoitengeneza ilijengwa juu ya itikadi ya ubora wa watu weupe, lakini filamu yenyewe imejaa watu weusi: wapagazi, askari, wanakijiji, watumishi. Tukihesabu nyuso tu, tungeweza kusema kwamba Afrika imepewa nafasi kubwa.

Hesabu ya namna hiyo hutumika sana katika mijadala ya siku hizi kuhusu nani anaonekana katika sinema na televisheni. Hesabu hiyo ina umuhimu wake, kwani asiyeonekana husahauliwa. Lakini kuonekana ni jambo moja na kuwakilishwa ni jingine, na ni vigumu kupata mfano unaolithibitisha hilo kuliko mtu aliyeitwa Bayume Mohamed Husen.

Mkono wa damu

Ili kuielewa filamu hiyo, yafaa kwanza kumkumbuka Peters mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1856, na mwishoni mwa mwaka 1884 alivuka kutoka Zanzibar na wenzake wachache kuingia bara. Katika muda wa wiki chache alikusanya mikataba Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, iliyodai kwamba watawala wa huko wamemkabidhi ardhi zao na haki zao zote.

Kila aliyesoma historia katika shule za Tanzania analijua jina la Mangungo wa Msovero, mmoja wa watawala waliotia alama katika karatasi hizo. Karatasi ziliandikwa kwa lugha ambayo wenyeji hawakuisoma. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya kuyalinda maeneo hayo.

Mwaka 1891 Peters alipelekwa Kilimanjaro akiwa mwakilishi wa dola. Huko aliamuru kunyongwa kwa mtumishi wake aliyeitwa Mabruk, na baadaye mwanamke aliyeitwa Jagodja, ambaye Peters alikuwa akimweka kinyumba. Ilidaiwa kwamba Mabruk aliiba, lakini habari zilizofika Ujerumani zilisema kwamba kosa lake hasa lilikuwa uhusiano wake na mwanamke huyo.

Habari hizo ziliibuliwa katika Bunge la Ujerumani mwaka 1896 na August Bebel, kiongozi wa chama cha Social Democrats. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimfukuza Peters katika utumishi wa serikali. Waafrika walimwita Mkono wa Damu. Hata kwao kulikuwa na Wajerumani waliompa lakabu ya Peters Mnyongaji.

Alifariki dunia mwaka 1918, mwaka ambao Ujerumani ilishindwa vita. Chini ya mkataba wa amani wa Versailles, nchi hiyo ilipoteza makoloni yake yote. Wanazi waliposhika madaraka walimfufua Peters kuwa shujaa aliyeonewa, na mwaka 1937 Hitler alifuta kwa amri adhabu aliyopewa na mahakama.

Filamu ilichosema

Filamu ya mwaka 1941 iliongozwa na Herbert Selpin. Nafasi ya Peters ilichezwa na Hans Albers, mmoja wa waigizaji waliopendwa kuliko wote Ujerumani wakati huo. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Hamburg mwezi Machi 1941, wakati majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameshaiteka sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi na ndoto ya kurudi Afrika ilionekana kukaribia.

Ndani ya filamu, Peters ni mzalendo mpweke. Waingereza wanamwandama kwa hila, na mjini Berlin anapingwa na maofisa na wanasiasa wanaoonyeshwa kuwa Wayahudi na wasoshalisti. Mauaji ya Kilimanjaro yanafanywa yaonekane kuwa hatua ya lazima ya kulinda amani. Jagodja, mwanamke aliyenyongwa, hana mahali pa kusimulia yaliyomkuta.

Waafrika wa filamu hiyo ni wa aina mbili tu, waaminifu na waasi. Mwaminifu humfuata bwana wake, na muasi ni mtu aliyedanganywa na Mwingereza. Hakuna Mwafrika wa tatu, yaani mwenye nchi anayeuliza kwa akili zake mwenyewe kwamba mgeni huyu ametumwa na nani kuja kuichukua ardhi. Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani, waliopigana na Wajerumani pwani kuanzia mwaka 1888, wanatukumbusha kwamba watu wa aina hiyo walikuwapo tele.

Mwaminifu mkuu wa filamu hiyo anaitwa Ramasan. Yeye ndiye mwongoza njia na mkalimani wa Peters. Ndiyo nafasi aliyopewa Husen, na ndiyo kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

Mtoto wa askari

Husen alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, na jina lake la nyumbani lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa Msudani aliyetumikia jeshi la kikoloni la Kijerumani na kufikia cheo cha efendi, cha juu kabisa alichoweza kupewa askari mweusi. Mtoto alijifunza Kijerumani mapema na akafanya kazi ya ukarani Lindi.

Vita vilipozuka mwaka 1914, baba na mwana waliingia jeshini pamoja. Mtoto alikuwa na umri wa miaka kumi. Mwezi Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kusini mwa Tanzania ya leo, ambayo yalikuwa miongoni mwa mapigano makali kabisa ya vita hivyo upande huu wa Afrika. Baadaye alishikwa na Waingereza na kuwa mateka.

Baada ya vita alifanya kazi ya uboi katika meli. Mwaka 1925 alipata kazi ya kuhudumia meza katika meli za kampuni ya Kijerumani iliyosafiri Afrika Mashariki. Kwa njia hiyo alifika Berlin mwaka 1929, akiwa na shabaha moja: kudai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakuwahi kulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba amechelewa.

Wapo watakaouliza ilikuwaje Mwafrika akaitumikia bendera ya Kijerumani hata akaifuata kwao. Jibu haliwezi kuwa jepesi. Alizaliwa chini ya bendera hiyo, akalelewa na baba aliyekula mkate wake, na akabebeshwa bunduki kabla ya kubaleghe. Siku hizi tunamwita mtoto wa namna hiyo mtoto askari, na hatumtarajii awe na msimamo wa mwanasiasa.

Mwalimu wa Kiswahili Berlin

Alibaki Berlin. Alihudumia meza katika jumba kubwa la starehe lililokuwa katika uwanja wa Potsdamer Platz, ambako wateja walipenda kuhudumiwa na watu wa mataifa ya mbali. Akaajiriwa pia kuwa msaidizi wa lugha katika mafunzo ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Berlin. Humo, maprofesa waliandika vitabu na kupokea heshima, na wasemaji wenyewe wa lugha walilipwa kidogo ili wanafunzi wasikie matamshi.

Tarehe 27 Januari 1933 alifunga ndoa na Maria Schwandner, mwanamke mweupe aliyetoka jamii ya Wajerumani wa Bohemia. Siku tatu baadaye Hitler aliteuliwa kuwa Kansela. Ndoa hiyo, kama ingecheleweshwa miaka michache, isingeruhusiwa, kwani sheria za ubaguzi za Nuremberg za mwaka 1935 zilikuja kutumiwa pia dhidi ya watu weusi.

Hali yake ilizidi kuwa ngumu. Aliomba nishani ya heshima waliyopewa wapiganaji wa zamani wa vita vya 1914 hadi 1918, akanyimwa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1935 alipoteza kazi ya mezani. Vita vipya vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini, akakataliwa. Kila mlango aliobisha kama Mjerumani ulifungwa, na ule uliokuwa wazi ulimtaka aingie akiwa askari wa zamani wa Afrika, amevaa sare na kupiga saluti.

Kwa nini Wanazi waliwahitaji watu weusi

Mlango huo ulikuwa wa sinema na maonyesho. Wanazi walikuwa na mgongano katika sera zao. Kwa upande mmoja waliwatenga watu weusi na kuwanyima kazi. Kwa upande mwingine walidai kurudishiwa makoloni, na madai hayo yalihitaji picha: mitende, ngoma, na Mwafrika anayefurahi kumwona Mjerumani.

Picha hiyo ilikuwa na historia ndefu. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda aliyemshinda Abushiri. Chini ya miguu yake palikuwa na sanamu ya askari mweusi, ameinua uso kumtazama bwana wake. Waingereza waliiondoa sanamu hiyo, nayo baadaye ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Huko wanafunzi waliiangusha katika maandamano ya miaka ya 1960.

Uso ule ulioinuliwa ndio ulionunuliwa studioni. Kati ya mwaka 1934 na 1941 Husen alionekana katika filamu zisizopungua 23. Katika nyingi ya hizo yeye ni tarishi, mtumishi au mpagazi, anayepita nyuma ya nyota wa filamu kwa sekunde chache na kutoweka, bila jina lake kuandikwa popote. Alishiriki pia katika maonyesho ya kuzunguka mijini yaliyoitwa Deutsche Afrika-Schau, ambayo serikali iliyasimamia na kisha kuyafunga mwaka 1940.

Hakuwa peke yake. Louis Brody, mwigizaji mzaliwa wa Cameroon aliyekuwa mkongwe wa sinema za Kijerumani, alicheza pia katika Carl Peters. Theodor Michael, aliyezaliwa Berlin mwaka 1925 kwa baba Mcameroon, alifanya kazi katika filamu za namna hiyo akiwa kijana, na katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 2013 alieleza jinsi studio zilivyokuwa kimbilio la watu weusi wa Ujerumani. Mtu aliyehitajika mbele ya kamera alikuwa na mahali pa kwenda asubuhi na alipata posho ya siku.

Wapo waliokuwa hawana hata hiari ya kuchagua posho. Katika filamu za kikoloni za miaka ya vita, Wanazi waliwatumia pia wafungwa wa kivita Waafrika waliotekwa wakilitumikia jeshi la Ufaransa. Waliletwa kutoka kambini, wakavikwa shuka na kupewa mikuki, wacheze wanakijiji wenye furaha.

Hapo ndipo hesabu ya nyuso inapokosa maana. Nyuso nyingi katika filamu hizo zilikuwa za watu walioshikiliwa au waliofungiwa milango mingine yote. Hawakuandika neno walilotamka, hawakuchagua vazi walilovaa, na hawakuweza kukataa bila kuhatarisha mkate wao.

Kukamatwa

Husen mwenyewe hakuwa mpinzani wa siri, na haitakuwa haki kumchonga awe hivyo. Alihudhuria mikutano ya waliotaka makoloni yarudi, akiwa na sare ya askari, na yaelekea aliamini kwamba utiifu wake ungemletea heshima siku moja. Lakini alikuwa pia mtu wa madai. Alidai mishahara, akadai nishani, akadai nafasi jeshini. Barua za mtu anayedai haki yake si barua za mtumwa, hata kama anamdai asiyestahili kuaminiwa.

Mwaka 1941, mwaka wa filamu, aliacha kazi ya chuo kikuu. Mwaka huo huo alishtakiwa kwa polisi wa siri, Gestapo, kwamba alikuwa na uhusiano na mwanamke mweupe nje ya ndoa. Dola liliita jambo hilo kuchafua asili ya Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa moja kwa moja katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, na huko alifariki dunia tarehe 24 Novemba 1944.

Msomaji atakuwa ameshaiona picha iliyojitokeza. Mabruk, mtumishi wa Peters, alinyongwa kwa kisa cha mwanamke ambaye mweupe alijiona ndiye mmiliki wake. Miaka 50 baadaye, mtu aliyecheza mtumishi mwaminifu wa Peters aliangamizwa kwa kisa cha mwanamke ambaye dola la weupe lilijiona ndilo mmiliki wake. Filamu ilitengenezwa ili kusema kwamba Mabruk hakuonewa, na waliokuwa nyuma yake walifanya yale yale kwa mwigizaji wao kabla mwaka haujaisha.

Hata mwongozaji wa filamu hakusalimika. Herbert Selpin alikamatwa mwaka 1942 kwa maneno aliyoyasema dhidi ya jeshi, na akakutwa amekufa ndani ya chumba cha mahabusu. Kifo chake kilijulikana mapema katika historia ya sinema. Cha Husen kilingoja miongo mingi.

Upande wa Uingereza

Isidhaniwe kwamba mambo haya yalikuwa ya Wajerumani peke yao. Mwaka 1935 kampuni ya Alexander Korda ya London ilitoa filamu iitwayo Sanders of the River, iliyoongozwa na ndugu yake, Zoltan Korda. Inamsifu ofisa wa Kiingereza anayetawala watu wa mto mmoja huko Nigeria kama baba anavyotawala watoto. Mwimbaji Mmarekani mweusi Paul Robeson alicheza chifu mtiifu, naye alikuwa amekubali kwa matumaini kwamba utamaduni wa Kiafrika ungeonyeshwa kwa heshima. Alipoona kilichotoka, aliikana filamu hiyo.

Miongoni mwa waigizaji wa ziada waliovikwa mavazi ya kijijini alikuwamo Mkenya mmoja aliyekuwa London akitetea haki za ardhi za watu wake, aliyehitaji fedha. Jina lake ni Jomo Kenyatta. Mwaka 1938 alichapisha kitabu chake Facing Mount Kenya, akieleza maisha ya Wakikuyu kwa kalamu yake mwenyewe, na mwaka 1964 akawa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya.

Tanganyika nayo ilipata zamu yake. Filamu ya Kiingereza Men of Two Worlds, ya mwaka 1946, inasimulia habari za mwanamuziki wa Tanganyika aitwaye Kisenga, anayerudi kwao kutoka London kusaidia vita dhidi ya ugonjwa wa malale. Hapo Mwafrika alikuwa amesogezwa karibu na katikati ya hadithi, lakini Mtanganyika huyo alichezwa na Robert Adams, mzaliwa wa Guyana, na hadithi yake iliandikwa na Waingereza.

Kenyatta na Husen walifanya kazi ile ile, karibu miaka ile ile, kwa sababu ile ile ya njaa ya mjini ugenini. Tofauti yao ni kwamba mmoja alipata wasaa wa kusema habari zake kwa kinywa chake baada ya taa za studio kuzimwa. Mwingine hakuupata.

Kumkumbuka

Baada ya vita, washindi waliipiga marufuku filamu ya Carl Peters. Hadi leo imo katika orodha ya filamu za Kinazi zenye masharti, ambazo Ujerumani huruhusu zionyeshwe hadharani pale tu panapokuwa na utangulizi wa mtaalamu na mjadala.

Jina la Husen lilirudi taratibu. Mwaka 2007 mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst wa Ujerumani alichapisha kitabu kizima juu ya maisha yake, na mwaka huo huo jiwe dogo la kumbukumbu lilitiwa katika njia ya waenda kwa miguu huko Brunnenstraße, Berlin, mbele ya nyumba aliyoishi. Maelfu ya mawe ya namna hiyo yanawakumbuka waliouawa na Wanazi, kila jiwe na jina la mtu mmoja.

Mwaka 2013 mtengenezaji filamu Eva Knopf alitoa filamu ya kumbukumbu iitwayo Majubs Reise, yaani safari ya Majub. Alipekua sinema za zamani na kumtafuta Husen nyuma ya nyota, katika zile sekunde chache anazopita na sinia mkononi, akamrudisha mbele. Mtu aliyewekwa katika picha ili asitazamwe, sasa ndiye anayetazamwa.

Wasomaji wa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, watakuwa wamemkuta mtu wa namna hiyo katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020. Ilyas, kijana wa pwani anayejiunga na jeshi la Wajerumani na ambaye safari yake inamfikisha Sachsenhausen, ana mengi yanayofanana na Husen. Kwa mara nyingine mtoto wa pwani alimsimulia mtoto wa pwani, jambo ambalo sinema ya Ulaya haikuliruhusu.

Kuna mabadiliko mengine pia. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi mjini Songea kwa maovu yaliyotendwa na Wajerumani wakati wa vita vya Maji Maji. Mwezi Agosti 2024, barabara ya Berlin iliyopewa jina la Peters wakati wa Wanazi iligawanywa na kupewa majina mapya. Sehemu moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee.

Kwa wanafunzi wa ughaibuni

Huenda msomaji akauliza habari hizi zina uhusiano gani na Haltom City, mji mdogo wa Kaunti ya Tarrant unaopakana na Fort Worth, ambako makala hii imeandikwa. Uhusiano upo, na unaanzia shuleni.

Katika eneo la Dallas na Fort Worth, kama ilivyo Houston, wanaishi Watanzania, Wakenya na Waganda, pamoja na familia nyingi za Wakongo na Warundi, baadhi yao waliopitia kambi za wakimbizi za Kigoma kabla ya kuletwa huku. Watoto wao husoma katika shule za umma. Sheria ya jimbo la Texas iliyopitishwa mwaka 2019 inataka kila mwaka iwepo wiki ya kuwakumbuka Wayahudi walioangamizwa na Wanazi. Dallas na Houston zina majumba ya makumbusho ya historia hiyo, na wanafunzi hupelekwa huko kwa mabasi.

Mtoto anayesema Kiswahili nyumbani anaweza kusikiliza somo hilo akidhani kwamba ni habari ya watu wengine, wa bara jingine. Ni vyema ajue kwamba miongoni mwa majina ya wafungwa wa Sachsenhausen limo la mtu aliyezaliwa Dar es Salaam, aliyejeruhiwa Mahiwa, na aliyefundisha lugha hii hii. Kumtaja Husen hakupunguzi hata chembe ya msiba wa Wayahudi, waliouawa kwa mamilioni. Kunaonyesha tu kwamba itikadi ile haikumsahau mtu mweusi.

Na mtoto huyo anapokaa mbele ya televisheni jioni, akaona uso unaofanana na wake katika filamu mpya, ana haki ya kufurahi. Afundishwe pia kuuliza maswali ambayo maisha ya Husen yametuachia. Je, mtu huyu katika hadithi ana jina? Ana jambo lake mwenyewe analolitaka, au kazi yake ni kumfuata mwingine? Maneno yake ameyaandika nani? Na kazi ikiisha, atarudi nyumbani akiwa salama?

Tarehe muhimu

1884: Carl Peters akusanya mikataba Usagara na maeneo jirani.

1891–1892: Mabruk na Jagodja wanyongwa Kilimanjaro kwa amri ya Peters.

1897: Peters afukuzwa katika utumishi wa serikali.

1904: Mahjub bin Adam Mohamed, baadaye Bayume Mohamed Husen, azaliwa Dar es Salaam.

1914: Aingia jeshi la kikoloni la Kijerumani pamoja na baba yake.

1917: Ajeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa.

1929: Afika Berlin kudai malimbikizo ya mishahara ya vita.

1933: Amwoa Maria Schwandner, siku tatu kabla ya Hitler kuwa Kansela.

1934: Aanza kazi ya filamu.

1941: Filamu ya Carl Peters yatolewa. Husen akamatwa na Gestapo na kupelekwa Sachsenhausen.

1944: Afariki dunia kambini tarehe 24 Novemba.

2007: Jiwe la kumbukumbu lawekwa Brunnenstraße, Berlin.